Kipya Kinyemi

Mwezi Novemba mwaka 2024, siku chache baada ya treni ya umeme ambayo watu wameipachika jina la Mchongoko kuanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, nilikuwa nimesimama stesheni nikiitazama. Pua yake imechongoka kama jina lilivyo, na mwili wake ulikuwa bado unang'aa. Kijana mmoja mwenye begi mgongoni alinisogelea akaniamkia, "Shikamoo mzee." Nikaitika, "Marahaba, mwanangu." Akaniuliza kama naogopa kupanda. Nikamjibu kwamba siogopi, ila nilikuwa natazama huku chini, kwenye magurudumu. Akacheka. "Mzee wangu," akasema, "hii ni mpya kabisa. Hii haiharibiki leo wala kesho."

Tukaingia, tukaketi mbali mbali. Safari ilikuwa nzuri, nami sina lawama yoyote juu yake. Lakini maneno ya kijana yule yamenikaa moyoni hadi leo, kwa sababu hakuyatunga yeye. Ndiyo maneno tuliyomfundisha sisi wazee, kwa kila utepe tuliokata na kila ngoma tuliyopiga mbele ya mashine mpya. Kipya kinyemi, walisema wahenga, kingawa kidonda. Siku ile sikumjibu. Namjibu sasa.

Nilikuwa na sababu ya kutazama magurudumu. Kampuni iliyounda Mchongoko ni Hyundai Rotem ya Korea Kusini, na kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyounda mabehewa 120 ya treni za umeme za jiji la Philadelphia, nchini Marekani. Mabehewa hayo nayajua. Sisemi kwamba yaliyotokea huko yatatokea kwetu. Treni hizi si zile, wala mimi si mpiga ramli. Nasema tu kwamba wenzetu wamekwisha kupita njia hii tunayoianza, na mwenye akili humwuliza aliyetangulia alijikwaa wapi.

Kati ya mwaka 2009 na 2014 niliishi kwa binti yangu, katika mji mdogo ulio kwenye njia ya reli inayotoka Philadelphia kwenda Wilmington. Nilikuwa nimestaafu ufundi, nikapata kibarua cha usafi katika jengo moja mjini. Asubuhi na jioni nilipanda treni. Upande mmoja wa behewa kuna viti vya watu watatu watatu, upande wa pili wawili wawili, na katikati anapita kondakta akitoboa tiketi. Wengine walisoma magazeti. Mimi nilisikiliza mota. Mtu aliyefanya kazi karakana miaka ishirini na tano hawezi kukaa juu ya mashine asiisikilize.

Treni nyingi za huko hazina kichwa cha kuvuta. Mota ziko chini ya sakafu ya mabehewa yenyewe, na umeme hushuka kutoka kwenye waya uliotandazwa juu ya njia. Na waya huo si wa jana. Kampuni ya reli ya Pennsylvania iliutundika kwenye njia ya Paoli mwaka 1915. Kampuni ya Reading ikaanza kuendesha treni za umeme kwenye njia zake mwaka 1931. Miaka ikapita, magari yakaongezeka barabarani, faida ikakauka. Pennsylvania iliungana na mshindani wake mwaka 1968, na kampuni iliyozaliwa ikafilisika mwaka 1970. Reading nayo ikafilisika mwaka 1971. Mzigo ukaangukia shirika la umma liitwalo SEPTA, ambalo tangu Januari 1983 linaziendesha treni hizo lenyewe. Mwaka 1984 likafungua njia ya chini ya ardhi katikati ya jiji, na reli za mahasimu wawili wa zamani zikawa mtandao mmoja.

Mabehewa yanaitwa Silverliner, na yamekuja kwa vizazi. Kizazi cha pili kiliundwa na Budd, kampuni ya Philadelphia penyewe, kuanzia mwaka 1963. Cha tatu kilitoka St. Louis mwaka 1967. Cha nne kilikuwa kikubwa kuliko vyote: mabehewa 232 yaliyotolewa na General Electric kati ya mwaka 1974 na 1976. Nilipofika mwaka 2009 vizazi hivyo vyote vitatu vilikuwa bado kazini. Asubuhi moja unaweza kupanda behewa lililoanza kazi kabla Tanganyika na Zanzibar hazijaungana, na jioni ukarudi na lililoundwa wakati Azimio la Arusha bado ni wimbo mpya.

Naam, nilistaajabu. Kwetu nilizoea kuona basi la miaka saba likiwa gofu, kuku wanatagia ndani. Nikajiambia kwamba watu hawa wana siri. Baadaye nikaelewa kuwa siri haikuwapo. Kulikuwa na karakana, kulikuwa na vipuri, na kulikuwa na mafundi waliojua kila behewa kama mfugaji ajuavyo ng'ombe wake. Viwanda vilivyounda mabehewa yale vilikuwa vimekwisha kuachana na kazi hiyo. Huwezi kwenda dukani ukaomba kipuri cha mwaka 1963.

Kisha kikaja kizazi cha tano. Mkataba wa mabehewa 120 ya Hyundai Rotem ulikuwa wa mwaka 2006, kwa dola milioni 274. Yalichelewa, ya kwanza yaliingia kazini mwezi Oktoba 2010, na ya mwisho mwaka 2013. Nilipanda behewa jipya kwa mara ya kwanza, nami sikudai kuwa mjuzi: nilifurahi kama kila mtu. Taa zilikuwa safi, sauti ilitangaza stesheni, viti havikuwa na viraka. Mwaka 2012 mabehewa ya Budd na ya St. Louis yakaondolewa kazini yote. Yale ya Budd yalikuwa yamefanya kazi karibu miaka hamsini. Hapakuwa na sababu ya kulia. Mzee akichoka apumzike.

Lakini sikiliza, ndugu msomaji, kilichofuata. Mwishoni mwa mwezi Juni 2016, mfanyakazi mmoja wa matengenezo aliona kwamba behewa moja jipya limeinama kidogo upande. Halikuanguka wala halikutoka relini. Liliinama tu. Walipolichunguza wakakuta boriti nene ya chuma katika bogi, ile inayogawanya uzito wa behewa kwenye ekseli, imepasuka. Wakayachunguza na mengine. Katika mabehewa 120, nyufa zilipatikana katika 115. Zilianzia pale chuma kilipolehemewa. Mabehewa hayo yalikuwa na umri wa miaka mitatu hadi sita.

Yote 120 yakasimamishwa. Theluthi moja ya nafasi za abiria ikatoweka mara moja, na Jumanne ya tarehe 5 Julai, watu waliporudi kazini baada ya sikukuu, ratiba ilikuwa imepunguzwa. Shirika likakodi treni kwa majirani: New Jersey, Maryland, na shirika la taifa la Amtrak. Na ni nani aliyebeba mzigo mkubwa miezi ile mpaka boriti mpya zilipofungwa? Ni yale mabehewa ya mwaka 1974, yaliyokuwa yakingoja zamu yao ya kutupwa.

Hapo ndipo wapo watakaoruka na kusema, "Si mnaona? Ya kale ni dhahabu!" Hao nao nina neno nao, maana kosa lao ni lile lile lililovaa kofia nyingine. Mmoja anasema kipya hakihitaji kuangaliwa kwa sababu ni kipya. Mwenzake anasema cha zamani hakihitaji kubadilishwa kwa sababu kimezoea. Wote wawili wanatafuta ruhusa ya kutotoa fedha.

Tarehe 6 Februari 2025, treni ya mabehewa yale ya kizazi cha nne ilishika moto huko Ridley Park, kwenye njia ya Wilmington. Ndiyo njia niliyokuwa nikipanda kila siku, na binti yangu bado anaipanda. Alinipigia simu usiku wa kwetu. "Baba, usishtuke ukisikia habari. Sikuwamo." Abiria zaidi ya mia tatu walitolewa salama. Nilimshukuru Mungu, kisha nikakaa kitandani mpaka alfajiri. Mwezi Juni moto mwingine, Julai mwingine, Septemba miwili. Mitano katika mwaka mmoja, mabehewa ya aina ile ile. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani ikasema kwamba muundo wa mabehewa hayo umepitwa na wakati, na kwamba ukijumlisha na namna yanavyoendeshwa, ni hatari isiyovumilika. Ikapendekeza yasimamishwe mpaka chanzo kijulikane. Tarehe 1 Oktoba mamlaka ya reli ya serikali kuu ikatoa amri ya dharura: mabehewa yote 225 yaliyobaki yakaguliwe. Hizo ni karibu theluthi mbili za mabehewa yote ya umeme ya shirika lile. Huwezi kuyatupa leo, maana kesho jiji halitakwenda kazini.

Sasa tazama jambo lililotangulia amri hiyo kwa wiki chache tu. Shirika lilikuwa na upungufu wa dola milioni 213 katika bajeti yake. Wanasiasa wa jimbo walivutana majira yote ya kiangazi bila kukubaliana. Mwezi Agosti njia 32 za mabasi zikafutwa. Mwezi Septemba ukapatikana ufumbuzi: shirika likaruhusiwa kuchukua hadi dola milioni 394, kwa miaka miwili, kutoka katika fedha zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya vitu vya kudumu, yaani mabehewa, reli na stesheni, ili zilipe mishahara na mafuta. Mwezi huo huo wa Septemba mabehewa mawili yakaungua. Baadaye, mwezi Novemba, gavana akatangaza dola milioni 220 kwa ajili ya matengenezo na vifaa. Kwa hiyo fedha zilikuwapo mahali. Zilingoja moshi uonekane kwanza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tunawafundisha watoto wa darasa la tatu, na wanaijibu vizuri katika mtihani. Wanaoshindwa kuijibu ni watu wazima waliokaa mbele ya vitabu vya bajeti.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba ninaonea viongozi. Wanasema fedha ni haba; kuna hospitali, kuna shule, kuna mishahara; fundi wa treni angoje. Hoja hiyo naiheshimu, maana haba ni haba. Lakini anayeila mbegu ili ashibe leo hajapunguza njaa, ameihamishia msimu ujao na kuiongezea riba. Fedha ya matengenezo ni sehemu ya bei ya treni, ila tu hulipwa polepole. Mtu akisema amenunua treni kwa kiasi fulani na hakuhesabu grisi, magurudumu, nyaya na mishahara ya mafundi kwa miaka thelathini, hajataja bei. Ametaja malipo ya awali. Na kama ni kiongozi, basi ametudanganya, hata kama kila tarakimu aliyoitaja ni ya kweli.

Tena tusijidanganye kwamba haya ni maradhi ya nchi maskini. Nimekutajia jimbo la Marekani, si kijiji chetu. Tajiri na maskini hapa wanafanana: wote hupenda kuonekana siku ya kufungua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kualika mpigapicha siku ya kubadilisha ekseli.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa nisifike. Katika miaka ya 1980 nilikuwa fundi katika karakana ya mabasi, katika mkoa nisioutaja, chini ya shirika nisilolitaja. Tulipokea mabasi mapya. Palikuwa na hotuba, palikuwa na ng'ombe aliyechinjwa, wanafunzi waliimba. Mwaka wa kwanza yalikwenda kama maji. Mwaka wa pili fungu la vipuri lilikatwa nusu, kwa maelezo kwamba mabasi bado ni mapya. Mwaka wa tatu fungu halikuja kabisa. Mwenzangu wa zamu, mtu mzima kunishinda, aliandika katika daftari la matengenezo kwamba basi moja breki za nyuma zimekwisha. Akaandika tena wiki iliyofuata. Mara ya tatu akakataa kutia sahihi basi litoke. Mkuu wa karakana hakugombana naye. Alimhamishia stoo, akaleta karatasi ile kwangu.

Nilikuwa na watoto wanne. Nilitia sahihi.

Basi lilikosa breki kwenye mteremko, dereva akaligongesha kwenye ukingo wa barabara ili lisitumbukie bondeni. Hakufa mtu. Mama mmoja aliyekuwa akipeleka ndizi sokoni alivunjika mguu, na mguu ule haukupona sawasawa. Uchunguzi ulifanyika, na uchunguzi uliona kwamba dereva alikuwa mwendo kasi. Sahihi yangu haikuulizwa na mtu yeyote. Mama yule nilikuja kumwona mara nyingi akichechemea sokoni. Aliniita kaka, aliniuzia ndizi, hakujua.

Kwa hiyo ninapoandika juu ya mabehewa ya Philadelphia siandiki kama mtu mwenye mikono safi anayewanyooshea wengine kidole. Naandika kama mtu aliyejifunza kwa aibu jinsi treni, au basi, au mtambo wowote, unavyozeeka. Hauzeeki kwa hesabu ya miaka tu. Behewa la Budd lilifikia miaka hamsini, na behewa jipya lilipasuka likiwa na mitatu. Mtambo huanza kufa siku ile neno la fundi linapopoteza uzito, siku ile anaposema "hili lisitoke" na mtu asiyeshika spana anasema "litoke."

Ndiyo maana katika habari yote hii, tendo ninaloliheshimu kuliko mengine ni lile la mwaka 2016. Mtu mmoja wa karakana aliona behewa limeinama, akasema. Waliomsikia hawakumwambia kwamba sikukuu imekaribia, au kwamba mabehewa ni mapya na yana dhamana. Waliyasimamisha yote 120, wakajua kabisa kwamba asubuhi watatukanwa na jiji zima. Walitukanwa kweli. Lakini hakuna ajali iliyotokea, na kwa kuwa haikutokea, hakuna aliyewajengea sanamu. Uangalifu una bahati mbaya hiyo: ukifanikiwa hauonekani.

Basi ninadai mambo matatu, na sidai kwa upole. Kwanza, siku inaposainiwa hati ya kununua treni, isainiwe na ya pili inayotenga fedha za kuitunza kwa umri wake wote, na sheria izuie mtu yeyote kuzigusa, hata kwa mishahara, hata mwaka wa uchaguzi. Pili, daftari la karakana liwe wazi. Tuambiwe kila mwezi treni ngapi zipo, ngapi zinatembea, ngapi zimesimama na kwa sababu gani. Mwenye kulipa kodi na nauli hatakiwi kungoja moshi ndipo apate habari. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu: fundi anayekataa kutia sahihi alindwe na sheria kama hakimu anavyolindwa. Asihamishiwe stoo. Mwenzangu yule alibaki stoo mpaka alipostaafu, akihesabu makopo ya rangi, naye ndiye aliyekuwa fundi bora kuliko sisi sote.

Kijana wangu wa stesheni, popote ulipo, nakuomba usiache kufurahi. Treni ile ni nzuri, na nchi yetu imeingoja siku nyingi. Ila siku nyingine ukiona mzee anatazama chini, kwenye magurudumu, usimcheke. Simama naye kidogo, utazame na wewe. Kisha umwulize mbunge wako, kwa adabu lakini mbele ya watu, mwaka huu karakana imetengewa kiasi gani, na mwaka jana ilipata kiasi gani kati ya kile ilichoahidiwa. Kama hajui, mwambie utarudi mwezi ujao kumwuliza tena. Nawe urudi kweli.